Flashi za wateja zinatoka kwangu na virusi, na fundi wangu ni shemeji

BARUA

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu pamoja na wasomaji wenzangu wa safu hii. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, na nina steshenari ndogo jirani na chuo. Natoa kopi, nachapa kazi za wanafunzi, naweka vyeti laminesheni, na nawajazia watu maombi ya mtandaoni, hasa ya Bodi ya Mikopo na ya ajira. Kazi yote inategemea laptopu moja niliyoinunua mtumba. Mchana iko mezani dukani. Jioni naibeba nyumbani, ambako watoto huangalia katuni na mimi huandika humo hesabu za kikoba chetu, maana mimi ndiye mweka hazina. Picha zote za marehemu mama yangu nazo zimo humo humo.

Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikuja kuchapisha ripoti yake ya utafiti. Tulichomeka flashi yake, tukachapisha, akalipa na kuondoka. Kesho yake akarudi amefura. Alisema alipoichomeka flashi ile kwenye kompyuta nyingine, ndani aliona kitu kimoja tu, alama yenye jina la flashi yenyewe na mshale mdogo kwenye kona. Kisha programu ya kuzuia virusi ikakifuta hicho kimoja, na flashi ikabaki tupu. Nilipoitazama mwenyewe nilikuta hivyo hivyo, ingawa cha ajabu ni kwamba kompyuta ilikuwa inaonyesha kuwa flashi imejaa zaidi ya nusu. Kijana alitamka mbele ya wateja kwamba mashine yangu imekula kazi yake ya mwaka mzima. Nilimjibu kwamba virusi wanavileta wao wanafunzi, wanaochomeka flashi kila mahali, na anayeumia ni mimi. Tangu siku hiyo baadhi ya wenzake wananipita mlangoni wakielekea duka la pili.

Fundi wangu ni mdogo wake mume wangu. Ni kijana mwema, na hajawahi kunitoza zaidi ya nauli na soda. Laptopu ikianza kuwa nzito au kuonyesha vituko, anakuja kupiga Windows upya. Anaweka Windows 10 na programu za ofisi za kraki, yaani zilizovunjwa leseni ili zitumike bila kulipiwa, na kabla ya kuziweka huzima kinga iliyomo ndani ya Windows kwa sababu, anavyosema, ikiwa hai inaifuta kraki. Mafaili yangu huyahamishia kwenye sehemu ya pili ya diski, inayoitwa D, ili yasipotee. Baada ya wiki chache vituko vinarudi. Safari hii ameniambia dawa ni kununua antivairasi ya kulipia, na anaye rafiki anayeuza kwa bei ndogo ufunguo mmoja unaotumiwa na watu wengi. Nilipomuuliza kama si afadhali tuweke Windows halali, alicheka, akasema mjini hapa hakuna mtu anayelipia Windows. Nimeulizia bei yake: inakaribia kiasi nilichonunulia laptopu yenyewe.

Nilipomgusia mume wangu habari ya kutafuta fundi mwingine, hakupenda. Alisema mdogo wake ataona amefukuzwa na nyumba ya kaka yake, na akaniuliza ni nani atakayekuja bure siku printa itakapogoma usiku.

Lipo na jambo jingine. Wateja wengi ninaowajazia maombi hawakumbuki manenosiri yao, hivyo huyaacha yakiwa yamehifadhiwa kwenye kivinjari ili wakirudi tusihangaike. Juzi nilipata ujumbe kwamba kuna mtu ameingia kwenye barua pepe yangu kutoka nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Sijui kama haya yanahusiana, lakini usingizi umenipaa.

Nifanyeje? Nimlipe kijana? Ninunue hiyo antivairasi? Nimwache shemeji, nivunje undugu? Niwaambie wateja ukweli ambao pengine utalifunga duka? Au nikatae flashi kabisa, wakati nusu ya kazi zangu zinakuja kwa flashi?

Mama wa Steshenari, Morogoro

JIBU

Dada mpendwa,

Pole sana, hasa kwa maneno uliyoambiwa mbele ya wateja. Kabla ya yote, naomba umtafute yule kijana leo hii na kumsihi asiifomati flashi yake wala asiandike kitu kingine ndani yake, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba ripoti bado imo. Umeliandika jambo hilo kama la ajabu tu, kwamba flashi inaonekana tupu huku kompyuta ikisema imejaa zaidi ya nusu, na mimi naliona kuwa ndiyo habari njema kuliko zote katika barua yako. Virusi vya aina hii kwa kawaida havifuti mafaili. Huyaficha kwa kuyapa alama ya siri ambayo Windows huitumia kwa mafaili yake ya ndani, halafu huweka mahali pake njia ya mkato yenye mshale uliouona. Mtu akiibofya, folda inafunguka kama kawaida, na papo hapo virusi navyo vinaamka na kujinakili kwenye mashine. Programu iliyokuwa kwenye ile kompyuta nyingine iliondoa njia ya mkato na kuyaacha mafaili mafichoni. Kwenye kompyuta safi, fundi yeyote anaweza kufungua dirisha la amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* akibadilisha E kwa herufi ya flashi, na mafaili yatajitokeza. Ninasisitiza kompyuta safi, kwa maana ukiifanya kazi hiyo kwenye laptopu yako ilivyo sasa, mafaili yatafichwa tena.

Ikiwa ripoti itapatikana, swali la kumlipa linaweza kuisha lenyewe, au likageuka kuwa swali dogo la nauli na usumbufu. Isipopatikana, mtazungumza mkiwa na ukweli mkononi badala ya hasira.

Sasa nirudi kwenye barua yako kwa ujumla. Umeniuliza kuhusu virusi, lakini ninavyoisoma, mambo kadhaa yamefungamana: mashine isiyopona, fedha usizokuwa nazo, shemeji mwenye moyo mzuri na mazoea mabaya ya kazi, na watu waliokukabidhi siri zao bila wewe wala wao kulitafakari jambo hilo sana. Nadhani hili la mwisho ndilo lililokuondolea usingizi, ingawa umeliweka karibu na mwisho wa barua.

Ulimwambia kijana kwamba virusi wanavileta wanafunzi. Yawezekana ni kweli kwa mara ya kwanza. Lakini flashi iliyofika ikiwa nzima na kutoka ikiwa na njia ya mkato iliipata mahali, na ukifuata mpangilio wa siku ulioueleza, inakuwa vigumu kuliondoa duka lako katika orodha. Si lazima mmoja awe mkosaji na mwingine mwathirika. Mashine iliyoambukizwa huwa yote mawili kwa wakati mmoja. Wala jambo hili si geni kwa maduka. Virusi vya kwanza vya kompyuta za aina ya IBM PC, vilivyopewa jina la Brain, vilitoka mwaka 1986 kwenye duka la kompyuta la ndugu wawili mjini Lahore, Pakistan, vikasafiri kwa disketi hadi nchi nyingine. Ndugu hao waliandika ndani yake anwani na namba zao za simu, na walieleza kwamba nia yao ilikuwa kuilinda programu yao ya kitabibu isinakiliwe bila idhini. Nimelitaja hili kwa sababu kunakili programu bila idhini na kuenea kwa virusi ni mambo yaliyokutana tangu mwanzo, na yanakutana tena mezani kwako.

Tazama anachofanya shemeji. Anasafisha sehemu ya C, inakokaa Windows, na kuiacha D, mahali alikoyahamishia mafaili yako. Virusi vya flashi hujinakili kwenye kila sehemu vinayoikuta, kwa hiyo siku ya kwanza unapofungua D baada ya kupigiwa Windows mpya, huenda unavirudisha kwa mkono wako mwenyewe. Kisha anazima Microsoft Defender, kinga ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, na ambayo ikiwa hai na imesasishwa inatosha kabisa kupambana na virusi vya aina ya flashi ile. Ndiyo maana sina hakika kwamba antivairasi ya kulipia ni dawa ya ugonjwa wako. Ukinunua nzuri na halali, itakusaidia; lakini ikifika siku ya kuweka kraki, itazimwa nayo pia, na utakuwa umelipia askari anayepewa likizo kila mwizi anapobisha hodi. Ule ufunguo wa watu wengi una hatari ya kufungwa na kampuni siku yoyote, ukabaki huna kinga na hujui.

Niwe mkweli kuhusu kraki: si kila moja ina virusi. Defender huzizuia nyingi kwa sababu tu kazi yake ni kuvunja leseni. Tatizo ni kwamba mtu aliyezima kinga hana njia ya kujua ipi ni ipi, na wanaotengeneza programu hasidi wanalijua hilo vizuri sana. Programu moja ya kuteka mafaili iitwayo STOP, au Djvu kwa jina jingine, ilienea zaidi kwa kujificha ndani ya kraki. Ilikuwa ikiyafunga mafaili ya mtu kwa msimbo na kumwachia barua ya kudai dola 980, au nusu yake, dola 490, akiwasiliana nao ndani ya saa 72. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana iliyowakomboa baadhi ya walioathirika, lakini si wote. Fikiria picha za mama na hesabu za kikoba katika hali hiyo. Aina nyingine hazidai kitu wala hazionekani: huingia, huchukua manenosiri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, na kuondoka kimya. Siwezi kusema kwa kusoma barua tu kwamba hicho ndicho kilichoipata barua pepe yako. Pengine nenosiri lilivuja kwa njia nyingine kabisa. Ila ningekuwa mahali pako ningelichukulia kama ndicho, kwa sababu gharama ya kujihadhari ni ndogo.

Kujihadhari huko kunaanzia kwenye simu, kwa kuwa nenosiri jipya ukiliandika kwenye laptopu hiyo linaweza kuchukuliwa nalo. Badilisha nenosiri la barua pepe, ondoa vifaa vyote usivyovitambua kwenye akaunti, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha fika kwenye kivinjari cha laptopu ufute manenosiri yaliyohifadhiwa, ukiwa na orodha ya wenyewe, ili uamue namna ya kuwajulisha. Ninajua uliyahifadhi kwa wema, na kwamba wateja watalalamika wakirudi. Wapo wenye maduka wanaomwandikia mteja nenosiri lake kwenye karatasi ya fomu anayoondoka nayo; karatasi inaweza kupotea, lakini inapotea ya mtu mmoja.

Kuhusu mashine yenyewe, naona njia zaidi ya moja, na kila moja ina gharama yake.

Kuna jambo ambalo pengine shemeji hajaliangalia. Laptopu nyingi za mtumba zilipotoka kiwandani zilikuwa na leseni halali, na tangu enzi za Windows 8 ufunguo huo huwekwa ndani ya ubao mama wa mashine. Ikiwa yako ilitoka na Windows 10 Home, na yeye anakuwekea toleo jingine, la Pro, kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye flashi yake, basi anavunja kufuli la nyumba ambayo ufunguo wake unao. Ukiwekewa toleo lile lile la asili, lililopakuliwa kutoka Microsoft, mara nyingi linajithibitisha lenyewe likipata intaneti, bila wewe kulipa shilingi. Inafaa kuuliza hilo kabla ya kukata tamaa kwa ajili ya bei. Hata hivyo, ujue kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza walipewa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo haikubali mashine nyingi za zamani. Masasisho haya si mapambo. Virusi vya WannaCry, vilivyozikumba hospitali za Uingereza tarehe 12 Mei 2017, vilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kulitolea kiraka mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia walikuwa hawajakiweka.

Njia nyingine ni kuweka Linux mahali pa Windows, tuseme Ubuntu au Linux Mint, ambayo ni ya bure na halali, ikiwa na LibreOffice badala ya programu za ofisi za kraki. Virusi vya flashi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviamki humo, na ile njia ya mkato yenye jina la flashi itaonekana kama faili la kawaida tu ambalo unaweza kulifuta. Wapo wanaotenga kompyuta kuukuu kwa kazi hiyo pekee ya kupokea flashi. Hatari yake ni kwamba ripoti iliyopangwa kwenye Word inaweza kufunguka huku kurasa zimesogea na majedwali yamepinda, na mwanafunzi anayewasilisha saa nane mchana hatakuelewa. Baadhi ya printa nazo huhitaji kubembelezwa. Ukiwaomba walete kazi kwa PDF, sehemu kubwa ya tatizo hilo inaondoka.

Kuzikataa flashi kabisa, ukapokea kazi kwa barua pepe au WhatsApp, kungepunguza mambo, lakini si kwa kiwango unachokitarajia, maana mafaili hasidi yanasafiri na huko pia, na mwanafunzi asiye na bando siku hiyo atakwenda duka la pili. Kuna njia ya katikati: Defender iwe hai, kila flashi iskaniwe kabla ya kufunguliwa, na wewe uwe unafanya kazi kwa akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Akaunti hiyo haizuii kila kitu, lakini inaifanya programu ngeni iombe ruhusa badala ya kuingia kimyakimya. Kwa watoto ningependekeza akaunti yao wenyewe, kwa sababu tovuti za katuni za bure nazo zina yake.

Njia yoyote utakayoichagua, D nayo isafishwe safari hii. Kabla ya hapo, toa picha, hati na hesabu peke yake, ukiacha programu na njia za mkato, uziweke kwenye diski ya nje, uiskani kwenye mashine safi, kisha uichomoe na kuiweka kabatini. Diski inayokaa imechomekwa muda wote hutekwa pamoja na mashine. Picha za mama ningeziweka na mahali pa pili, hata kwenye akaunti ya Google, ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ilimradi nenosiri lake uwe umelibadilisha kwanza.

Sasa shemeji. Umeliweka swali kana kwamba ni lazima uchague kati ya kumwacha na kuendelea kama zamani, na nadhani mume wako amelisikia hivyo pia. Je, umewahi kumweleza shemeji kazi unayoitaka, au huwa unamwita tu laptopu ikishazidiwa? Kijana anayekuja usiku kwa nauli na soda hufanya kinachomaliza haraka. Ukimwambia kwamba safari hii unataka D isafishwe, toleo la asili lirudishwe, kinga isizimwe, na kwamba utamlipa ujira wa fundi, huenda akakushangaza. Huenda pia akaona unamfundisha kazi. Hatari hiyo ipo, na ndiyo maana ningefikiria kuzungumza naye mume wako akiwepo, nikianzia kwenye ule ujumbe wa barua pepe na hesabu za kikoba kuliko kwenye makosa yake. Akikataa, bado anaweza kubaki fundi wa printa na nyaya, na laptopu ikashikwa na mtu mwingine. Wewe ndiye unayejua ni kauli gani inabebeka katika nyumba yenu.

Limebaki la kuwaambia wateja. Wenye manenosiri kwenye kivinjari chako wana madai makubwa kuliko wengine, kwa sababu wao wanaweza kuchukua hatua wakijua, na wasipojua hawawezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mimi si mwanasheria, na sikutajii ili kukutisha, ila inafaa ujue kwamba taarifa za watu zinazopita mikononi mwako zinatazamwa na sheria pia. Ujumbe mfupi wa kumwomba mtu abadilishe nenosiri lake utawafanya wengine wakuulize maswali magumu, na mmoja au wawili wanaweza kuhama. Ukinyamaza, wanaweza kulijua baadaye kwa njia nyingine, na hapo itakuwa vigumu zaidi kueleza kwa nini hukusema. Siwezi kukupimia uzito wa hayo mawili nikiwa mbali na mtaa wako.

Kwa wanaokuja na flashi, tangazo la mistari miwili ukutani linaweza kutosha, bila kutaja chuo wala mtu: kwamba flashi zote zinaskaniwa kabla ya kufunguliwa, na kwamba manenosiri ya wateja hayahifadhiwi hapa. Ila usilibandike mpaka laptopu iwe imesafishwa, D ikiwemo.